Kufinyanga mkono kwa njia ya Takamura Kotaro: kuanzia waya hadi plasta

Sanamu ya shaba nyeusi ambayo Takamura Kotaro aliitengeneza mnamo 1918 hivi, na kuiita Mkono tu, ina kimo cha takriban sentimita 39. Ni mkono wa kushoto uliosimama wima: kidole cha shahada kimenyooka juu, kidole gumba kimepinda kwa nyuma kama upinde, na vidole vilivyobaki vimelegea kuelekea mbele. Nakala mojawapo, ambayo zamani ilikuwa mali ya mwandishi Arishima Takeo, sasa iko katika Makumbusho ya Kitaifa ya Sanaa ya Kisasa jijini Tokyo. Hapa tunaeleza jinsi ya kufinyanga mkono wako mwenyewe kwa mkao na ukubwa huo, kisha kuutoa kwa plasta. Ni zoezi zuri kwa mtu aliyekwisha kufinyanga kichwa kimoja au viwili na anayetaka kujua kwa nini mikono yake hutoka kama glovu.

Takamura alizaliwa Tokyo mwaka 1883. Baba yake, Takamura Koun, alikuwa mchongaji wa mbao aliyefunzwa katika karakana ya sanamu za Kibudha. Mwaka 1906 kijana alikwenda New York, kisha London, kisha Paris, akarejea nyumbani 1909 akiwa amejaa mashairi ya Baudelaire na Verlaine, na zaidi ya yote, kazi za mchongaji Mfaransa Auguste Rodin. Baadaye alikusanya na kutafsiri kwa Kijapani maneno ya Rodin, kitabu kilichotoka 1916, na pia mashairi ya Émile Verhaeren. Kwa anayeshika udongo, haya yote yana maana moja ya kazi. Mkao wa mkono ule umetoka hekaluni, kwani ni ishara ya Kannon, bodhisatva wa huruma katika Ubudha, ya kumwondolea mtu hofu; lakini namna nyama zilivyojengwa imetoka Paris. Rodin alifundishwa ujanani asitazame umbo kama kitu kilichotandazwa bali kama kitu chenye kina, na kila sehemu ya uso aione kuwa ni ncha ya ujazo unaosukuma kutoka ndani. Ndiyo maana katika mwongozo huu mikunjo ya ngozi na kucha hazitajwi mpaka mwisho kabisa.

Mkao na vipimo

Anayetumia mkono wa kulia anafinyanga mkono wake wa kushoto. Wa kushoto afanye kinyume chake, sanamu itoke mkono wa kulia, hakuna kinachoharibika.

Kaa mezani, egemeza kiwiko, inua mkono. Nyoosha kidole cha shahada bila kukikaza. Cha kati kiiname kidogo, cha pete zaidi, cha mwisho zaidi tena. Kisha vuta kidole gumba nje na nyuma hadi kinapogoma. Mkao huu haushikiki kwa zaidi ya nusu dakika kabla kidole gumba hakijaanza kutetemeka, kwa hiyo utazame kwa vipindi vifupi, ushushe, upumzike, urudie. Piga picha za pande nane kama akiba, lakini usifinyange kutoka kwenye picha: kamera iliyo karibu hukuza kidole kilicho mbele na kupunguza kilicho nyuma.

Jambo moja la kuangalia mapema ni mishipa. Mkono uliotundikwa chini hujaa damu na mishipa hutuna. Ukiinuliwa, ndani ya sekunde chache mishipa hulala. Mkono wetu umeinuliwa. Ukiuwekea mishipa minene kama kamba kwa kuwa inapendeza, umeshauvunja mkao wenyewe. Kinachojitokeza mkono ukiwa juu ni kano: ile ya kidole cha shahada inayopita mgongo wa mkono, na zile mbili za kidole gumba zenye kishimo katikati yake karibu na kifundo.

Chukua vipimo hivi kwa kalipa, kifaa cha miguu miwili cha kupimia urefu na unene: kifundo cha mkono hadi fundo la kidole cha kati, fundo hilo hadi ncha, urefu wa kila pingili ya kila kidole upande wa mgongo, upana wa kiganja penye mafundo, unene wa kiganja na wa kifundo. Zidisha kila kimoja kwa 1.6. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo inakupa kiasi cha sm 8 za kifundo, sm 17 za kiganja na sm 13 za kidole, jumla sm 38 hivi. Andika vipimo hivyo juu ya kipande cha ubao na ukitundike mbele yako. Ukivizidisha kichwani kila unapovihitaji, kufikia siku ya pili kidole kimoja kitakuwa kimetoka nje ya kipimo bila wewe kujua.

Kiasi cha udongo nacho kinapimika. Jaza ndoo maji hadi pomoni ndani ya beseni, zamisha mkono hadi pale sanamu itakapoishia, kisha pima maji yaliyomwagika. Ujazo hukua kwa kuzidisha 1.6 mara tatu, yaani karibu 4.1. Yakimwagika mililita 550, sanamu itachukua lita 2.25, ambazo ni kama kilo 4 za udongo ulio tayari. Andaa kilo 8. Udongo wa kuongeza na kuondoa lazima uwepo wenye unyevu uleule.

Kiunzi

Kata plaiwudi ya milimita 18, sm 30 kwa 30, ipake rangi ya mafuta pande zote mbili isije ikapinda kwa maji, na upigilie vipande viwili vya mbao chini yake ili uweze kuingiza vidole na kuinyanyua. Funga flenji (kitako cha bamba cha kushikia bomba) katikati na bomba la chuma la nusu inchi lisilozidi sm 14. Hapo ndipo wengi hukosea: wanaweka bomba refu ili kiunzi kiwe imara, na wiki moja baadaye chuma kinatokeza katikati ya shimo la kiganja, mahali ambapo sanamu ni nyembamba kuliko inavyodhaniwa. Bomba liishie kwenye kisigino cha kiganja. Juu ya hapo ni kazi ya waya.

Waya uwe wa alumini, milimita 3. Wa chuma kitupu utashika kutu ndani ya udongo. Kwa kila kidole chukua sm 75, kunja katikati, sokota, na ufunge ncha mbili kwenye bomba kwa waya mwembamba wa kufungia, ukikaza kwa koleo katika sehemu mbili tofauti. Upande wa juu uishie sentimita moja chini ya ncha ya kidole. Pinda waya penye viungo tu; waya uliopinda kati ya viungo hutoa kidole kama mkia. Mita 4 zinatosha vidole vyote.

Ndani ya kiganja tundika vipepeo viwili au vitatu: vipande viwili vya mbao vya sm 4 vilivyofungwa kama msalaba na kuning'inizwa kwa waya. Vinauzuia udongo usiteleze kwa uzito wake. Bila hivyo kiganja hushuka milimita chache kila usiku na mafundo ya vidole huanza kuonekana kama yamevimba.

Kujenga

Anza na vitonge vidogo, ukivibana kwa nguvu kwenye waya na kwenye vipepeo hadi pasiwe na hewa. Usifunike kiunzi kwa bonge moja. Kisha jenga kiganja kwa kukipigapiga kwa ubao mwembamba, si kwa kukipapasa. Kupapasa hulainisha, na kulaini mapema ni adui. Ubao hukupa sura bapa zinazokutana kwenye kingo, na sura hizo ndizo zinazobeba mwanga.

Mgongo wa mkono una sura kuu mbili. Zinakutana kwenye mstari wa mfupa wa kidole cha kati: moja inateremka kuelekea kidole gumba, nyingine kuelekea kidole cha mwisho. Mafundo yanne hayako kwenye mstari ulionyooka. Yanafuata upinde wenye kilele kwenye kidole cha kati, na upinde huo unashuka pia kuelekea mbele, upande wa kidole cha mwisho. Upande wa kiganja kuna mito mitatu: mnofu wa kidole gumba, ule mrefu wa ukingo wa kidole cha mwisho, na safu ya chini ya vidole. Shimo lililo katikati halichimbwi. Linabaki lenyewe mito hiyo ikijengwa vizuri.

Kosa la kawaida kuliko yote ni urefu wa vidole. Upande wa mgongo kidole huanzia kwenye fundo. Upande wa kiganja ngozi huunganisha vidole hadi karibu katikati ya pingili ya kwanza, kwa hiyo kidole kilekile kinaonekana kifupi. Anayefinyanga upande mmoja hadi uishe kisha akageukia wa pili hupata vidole vya watu wawili. Dawa yake ni kuzungusha.

Weka kazi juu ya meza inayozunguka na uchore alama nane kuizunguka ubao, moja kila nyuzi 45. Simama mbele ya alama ya kwanza, weka mkono wako kwa pembe hiyohiyo, na utazame ukingo tu: mstari wa nje unaotenganisha mkono na hewa. Sahihisha ukingo huo kwenye udongo, basi. Zungusha alama moja, rudia. Duru moja ya pembe nane isichukue zaidi ya dakika 40. Kilichoonekana sahihi kwenye alama ya kwanza kitaonekana kibaya kwenye ya tatu, na hiyo ndiyo faida yake. Baada ya duru tano au sita ujazo huanza kukaa wenyewe, maana umbo ambalo kingo zake zote ni sahihi halina pa kujificha. Rodin alifanya kazi hivi, na ni njia ya polepole. Anayetaka haraka hataipenda.

Tumia taa moja tu, kutoka ubavuni na juu kidogo, nyuzi 45 hivi. Mwanga wa pande zote hufuta vivuli na kukuonyesha uongo. Kila baada ya duru mbili hamisha taa.

Katika insha yake ya 1928 Takamura alieleza kwamba kwake ulimwengu huu hujulikana kwa kugusa. Lichukue kama maelekezo ya kazi. Funga macho, shika mkono wako wa kushoto kwa wa kulia, fuata mfupa wa kidole cha shahada kuanzia kifundo hadi ncha, ukihisi pagumu na palaini. Kisha, macho yakiwa bado yamefumbwa, pitisha mkono huohuo kwenye udongo. Mahali ambapo mfupa uko karibu na ngozi, udongo unatakiwa uwe mkavu wa umbo, umekazwa. Penye mnofu uwe umejaa. Vidole vitakuambia tofauti ambayo macho yameshaizoea.

Kidole gumba

Sanamu nzima inasimama au kuanguka hapa. Kidole gumba hakiko kwenye sura moja na vingine: kucha yake imegeuka karibu nyuzi 90 kutoka kwenye kucha za wenzake. Kikifinyangwa kikiwa kimetazama mbele kama vingine, mkono hugeuka kuwa uma wenye meno matano.

Kwenye mkao huu kupinda hakuanzii kwenye kiungo cha juu. Kunaanzia chini, kwenye kiungo kilicho kando ya kifundo, ambako mfupa wa kwanza hufunguka nje na kuvuta mnofu wote wa kiganja nyuma yake. Kwa hiyo jenga mnofu ukiwa umevutwa, mwembamba na uliokazwa upande wa nje, kabla hujagusa pingili. Kisha kiungo cha kati, na mwisho ncha inayorudi nyuma. Viungo vitatu, mpindo mmoja unaopita vyote bila kukatika. Ukiona mpindo umekatika kwenye kiungo cha juu, kidole kimevunjika. Toa udongo hadi kwenye waya, pinda waya upya, anza tena. Kurekebisha juujuu hakusaidii.

Upande wa mgongo, kano mbili za kidole gumba zitoke kwenye kifundo zikiwa zimetengana na kukaribiana zinapopanda. Kishimo kati yake kiwe na kina cha milimita 4 hadi 5 kwa kipimo chetu. Ndicho kinachoonyesha kwamba kidole kinavutwa, si kwamba kimewekwa tu.

Mikunjo ya ngozi na kucha zinakuja sasa, na kwa siku moja tu. Kucha ni sura iliyopinda iliyokaa ndani ya nyama. Usiichore kwa mstari. Mikunjo mitatu mikuu ya kiganja inatosha. Acha alama za kijiti na za vidole pale zinapofuata umbo.

Kati ya vipindi nyunyizia maji kidogo na ufunike kwa nailoni iliyoshikiliwa na vijiti vinne visimame kuzunguka kazi. Kitambaa chenye maji kisilale juu ya vidole: hulainisha ncha, na asubuhi unakuta kidole cha shahada kimelala. Udongo ukikauka juu ya kiunzi hupasuka, kwa kuwa wenyewe unanywea na waya haunywei. Na usifikirie kuuchoma tanuruni ukiwa na waya ndani.

Kalibu ya kuvunja

Kwa nakala moja tu, kalibu ya kuvunjwa, yaani ganda la plasta linalopasuliwa baada ya kumiminiwa nakala ndani yake, ndiyo rahisi na aminifu zaidi. Kata vipande vya bati jembamba, sm 3 kwa 4, na uvichomeke kwenye udongo kwa kina cha sm 1.5 kimoja kikipandana na kingine. Mstari uanze kwenye kifundo upande wa kidole cha mwisho, upande pembeni mwa kidole hicho, upite juu ya ncha zote, ushuke pembeni mwa kidole cha shahada, uzunguke kidole gumba na kurudi kifundoni. Nafasi kati ya vidole zizibwe kwa bati pia.

Plasta: gramu 700 za maji kwa kila kilo moja ya plasta. Nyunyiza plasta ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya plasta, iache inywe dakika moja au mbili, kisha ikoroge taratibu kwa mkono bila kuingiza hewa. Kilo moja inatoa lita 1.1 hivi. Kwa kalibu nzima tenga kilo 6.

Safu ya kwanza iwe na rangi, kijiko cha unga wa buluu kwenye maji kabla ya plasta. Irushe kwa vidole ili iingie kwenye mikunjo, kisha puliza kuitawanya. Unene milimita 4. Ikianza kushika, ipake uji mwembamba wa udongo hapa na pale ili safu ya pili isigandamane nayo kabisa. Safu ya pili ni nyeupe, unene wa sm 2, yenye nyuzi za katani zilizochovywa kwenye plasta. Futa kingo za bati zionekane.

Baada ya saa moja mwaga maji kwenye mstari wa bati na ufungue kwa kabari ndogo za mbao, ukizigonga kwa zamu. Toa udongo kwa kitanzi cha waya, ukianzia kifundoni. Vidole vichimbwe mwisho na taratibu. Osha kwa brashi laini. Paka sabuni ya potasi mara tatu, kila mara ukifuta povu, kisha mafuta membamba kiasi kwamba uso unang'aa bila kulowa. Mafuta yakituama kwenye ncha za vidole, ncha hizo zitatoka butu.

Kumimina na kuvunja

Weka fimbo za waya wa milimita 4 uliopakwa shelaki ndani ya kila kidole na fimbo nene kifundoni, inayotokeza sm 6 kwa ajili ya kitako. Kabla ya kufunga kalibu, paka plasta majimaji kwa brashi ndani ya vidole pande zote mbili. Usiruke hatua hii. Kalibu ikigeuzwa kichwa chini ili kumimina kupitia kifundo, ncha za vidole vilivyoinama hutazama juu na kunasa hewa, na bila kupaka utapata kidole cha mwisho kisicho na ncha.

Funga kwa kamba, ziba mshono kwa udongo, mimina. Kilo 2.5 za plasta kwa lita 1.75 za maji zinatosha. Mimina theluthi moja, tikisa na zungusha, kisha malizia. Iache usiku kucha.

Kuvunja kunataka tindo butu ya milimita 10 na nyundo ndogo ya mbao. Laza kazi juu ya mfuko wa mchanga. Elekeza tindo wima kwenye uso, usiingize ubavuni kama anayemenya. Anza kwenye mgongo wa mkono, ambako kuna nafasi, na ukiona buluu punguza nguvu. Vidole viwe vya mwisho, na kila kidole kiungwe mkono kwa mchanga chini yake unapogonga. Kikivunjika, lowesha pande zote mbili, paka plasta laini, bana. Waya ulio ndani utashikilia.

Wapo wanaouliza kwa nini wasimwagie plasta mkono wao moja kwa moja. Kwanza ni hatari: plasta nene hupanda joto kupita nyuzi 60 inaposhika na imeshawaunguza watu vibaya. Pili, mkono uliochapwa hutoka umelala, kwani ngozi hubonyea. Rodin mwenyewe alishutumiwa mwaka 1877 kwamba mojawapo ya sanamu zake ilichapwa kwenye mwili wa mtu hai, na ilimchukua muda kuthibitisha kwamba sivyo.

Kausha penye hewa, wiki mbili au zaidi. Usitumie joto linalozidi nyuzi 45, plasta itageuka unga. Ukitaka kuitoa kwa shaba nyeusi baadaye, kumbuka kwamba shaba hunywea kwa asilimia 1.5 hivi.

Kitako

Takamura alichonga kitako chake mwenyewe kwa mbao, na hapo ndipo mafunzo ya baba yake yanaonekana karibu na yale ya Paris. Chagua gogo fupi lililokauka, la upana wa sm 15 hivi, na ulichonge kwa patasi bila kumalizia kwa msasa. Alama za patasi zinapokea mwanga namna tofauti na plasta. Kimo chake kisizidi theluthi ya mkono. Toboa tundu la fimbo kwa kina cha sm 6.5, na liwe pana kuliko fimbo kwa milimita 2, kwa kuwa mbao hunywea na kutanuka na plasta haivumilii msukumo huo. Jaza nafasi hiyo kwa nta, si kwa gundi.